Wakili wa kesi ya mauaji, Kampala: namsifu

Kaka yangu aliposhtakiwa kwa mauaji, magazeti yalikuwa yameshamhukumu. Wakili tuliyemchukua alitukataza kabisa kuongea na waandishi, hata shangazi aliyekuja kutoka Arua. Gerezani Luzira alikwenda mwenyewe, hakutuma karani. Siku 180 za rumande zilipopita kesi ikiwa haijapelekwa Mahakama Kuu, aliomba dhamana kwa ibara ya 23 ya Katiba, akaipata. Kwenye kesi yenyewe alimhoji shahidi wa polisi polepole, bila kelele, kuhusu saa na taa za barabarani, mpaka maelezo yakapingana. Hapo ndipo nilipomheshimu.

Ada yake ni kubwa, tuliuza ng'ombe. Asiye na uwezo, kosa likiwa la kunyongwa au kifungo cha maisha, adai wakili wa kulipiwa na serikali: ibara ya 28.