Miezi minne na mashine ya kupuliza kwenye gari letu, Silver Spring

Naandikia wake, waume na watoto wakubwa wanaotumia gari moja na mtu aliyekamatwa akiendesha amelewa hapa Maryland. Maoni mengi niliyosoma kuhusu intaloki, yaani mashine inayozuia gari kuwaka mpaka dereva apulize na isione pombe, yameandikwa na waliokamatwa wenyewe. Mimi pombe sijawahi kuionja. Nimelelewa Lushoto, nyumba ya Kilutheri ambayo hata chupa ya bia haikuingia. Lakini kwa miezi minne sasa napuliza mashine hiyo mara nyingi kuliko mume wangu.

Baba Neema alisimamishwa na polisi usiku akitoka kwenye sherehe ya ubarikio. Akapimwa kiwango cha pombe, ikatoka 0.11. Lilikuwa kosa lake la kwanza, akaambiwa kwa miezi 6 ataendesha gari lenye intaloki tu. Gari tunalo moja. Masharti yameandikwa kwenye leseni yake, lakini mashine imeungwa kwenye nyaya za kuwashia gari, na gari halijui nani alikosa na nani hakukosa. Anayetaka kuliwasha, apulize. Hilo hatukuambiwa mpaka tulipofika dukani siku ya kufungiwa.

Duka silitaji. Limeidhinishwa na MVA, ile ofisi ya leseni, na mafundi wake wanajua kazi: walifunga kwa saa moja na nusu, nyaya zimepita chini ya dashibodi kwa usafi, hakuna kinachoning'inia. Shida ilikuwa maelezo. Fundi alimchukua Baba Neema pembeni kwenye maegesho, akamwonyesha kwa dakika kumi kwa Kiingereza cha haraka, akamkabidhi karatasi asaini. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na mtoto mkononi, hakunigeukia hata mara moja. Nikauliza, "Na mimi je, naendesha pia." Akasema mumeo atakufundisha.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka zamu ya usiku Rockville, kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi. Baridi kali, vioo vina barafu. Mashine ikikuta baridi hiyo inachukua muda kupasha moto kabla haijakubali pumzi. Ikawa tayari, nikapuliza, ikakataa. Nikapuliza tena, ikakataa. Kumbe yetu haitaki upepo mtupu. Unapuliza huku unatoa sauti ya "mmmm" kooni, bila kukatisha, sekunde kadhaa, ili ijue kwamba ni binadamu na si puto wala pampu. Nilikaa kwenye lile gari la baridi karibu nusu saa, nimetoka kugeuza wagonjwa usiku kucha, nalia. Kwa siku hiyo duka linapata nyota mbili kwangu, na siziongezi.

Aliyetuokoa ni fundi mwingine wa kampuni hiyo hiyo, tawi jingine, tulikokwenda kwa huduma ya mwezi wa kwanza. Kila siku 30 lazima gari lirudi, mashine isomwe kumbukumbu zake na kurekebishwa kipimo. Ni kijana wa Kihabeshi, mpole. Aliponiona nimekaa upande wa abiria aliuliza nani mwingine anaendesha. Akaniita, akanipa kipande changu cha plastiki cha kupulizia, akanikalisha kwenye usukani, akanifanyisha mara tano mpaka pumzi ikakaa sawa. Ndipo akanieleza mambo manne ambayo ningepaswa kuyajua tangu siku ya kwanza, na nayaandika hapa ili usiyajue kwa machozi kama mimi.

Mashine inazuia gari kwa kiwango kidogo sana, karibu 0.02, wakati kiwango cha kisheria cha kuhesabiwa umelewa barabarani ni 0.08. Kwa hiyo kilichopo mdomoni tu kinaweza kukuzuia: dawa ya kusukutua, dawa ya kikohozi yenye alkoholi, hata mvuke wa vitakasa mikono ukiwa umejipaka sasa hivi ndani ya gari uliloufunga. Pili, kila ukipuliza kamera inakupiga picha, kwa hiyo asikubembeleze mtu umpulizie. Tatu, ukiwa barabarani itakuomba upulize tena, kwa nyakati usizozijua. Gari halizimiki katikati ya barabara hata ukishindwa, watu wengi wanaogopa hilo bure. Inakupa dakika za kutosha kutafuta pa kuegesha, upulize ukiwa umetulia. Ukipuuza, kosa linaandikwa, na kwa gari letu honi inaanza kulia na taa zinawaka na kuzima mpaka uzime injini. Nne, ukipitiliza tarehe ya huduma, mashine inafunga gari, na utalipeleka dukani kwa bredauni kwa pesa yako.

Hilo la mdomoni nililiona kwa macho yangu. Jumamosi moja nilikuwa na oda ya vitumbua. Mchele nilikuwa nimeusaga jana yake, na tui, hamira na iliki, ukalala usiku kucha juu ya jokofu ukaumuka vizuri. Asubuhi nikaonja unga mbichi, kijiko kimoja, halafu cha pili, kujua kama sukari imekolea. Muda wa kwaya ya watoto ukawa umefika, nikambeba Neema mbio. Nikapuliza. Ikakataa, na safari hii si kwa sababu ya pumzi: ilisema imeona pombe.

Neema ana miaka tisa. Kutoka kiti cha nyuma akauliza polepole, "Mama, na wewe umekunywa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilishuka, nikasukutua kwa maji mara tatu, nikangoja kama yule kijana alivyonifundisha, dakika 15. Pombe ya mdomoni inaondoka kwa muda huo, iliyomo kwenye damu haiondoki hivyo. Nikapuliza mbele yake, gari likawaka. Njiani nikamweleza habari ya hamira, kwamba inakula sukari na kutoa pombe kidogo. Akasikiliza, halafu akasema, "Basi Baba hakula vitumbua." Nikamwambia hapana, Baba alikunywa, na ndiyo maana tunapuliza. Tulikuwa hatujawahi kumwambia.

Kwenda kazini napita Rockville Pike. Ni kwenye barabara hiyo, Desemba 2015, askari wa Montgomery County aitwaye Noah Leotta, kijana wa miaka 24, aligongwa na dereva mlevi akiwa kwenye zamu maalumu ya kuwakamata walevi. Alifariki siku chache baadaye. Wazazi wake walikwenda Annapolis kuwabana wabunge, na tangu Oktoba 2016 sheria yenye jina lake inawalazimisha wanaotiwa hatiani kwa 0.08 kwenda juu kufungiwa intaloki. Zamani ulazima ulianzia 0.15. Chini ya utaratibu ule wa zamani, mume wangu na 0.11 yake asingelazimishwa. Oktoba 2024 wakaziba na tundu la waliopewa muda wa uangalizi bila hatia kuandikwa, ambao mwanzoni walikuwa wanapita pembeni. Nimesikia Watanzania wenzangu wakiiita sheria hii ya kuonea watu kwa bia mbili. Mimi napita mahali pale saa nne usiku, na simchukii aliyeitunga.

Ninachokidai ni kingine: kama serikali inaidhinisha maduka haya na kukagua mashine zake, ikague pia mafunzo. Kila dereva wa nyumba hiyo akalishwe kwenye usukani, apulize mpaka aweze, kabla gari halijatoka. Saini ya aliyekosa isitoshe. Na maelezo yawe kwa lugha ambayo mtu anaielewa akiwa amechoka.

Gharama zetu: dola 100 kufunga, dola 85 kila mwezi, zote juu yetu. Kwa mishahara miwili ya kulea wazee, hizo si hela ndogo. Kabla hujasaini uliza kuhusu punguzo la wenye kipato cha chini. Sisi hatukuuliza.

Kwa mashine yenyewe natoa nyota nne. Inafanya kazi yake. Baba Neema hajakunywa siku ya kazi tangu ifungwe, maana anajua asubuhi kuna kupuliza, na pombe ya usiku wa manane inaweza kuwa bado iko mwilini saa kumi na mbili. Tafiti za hapa Marekani zinaonyesha kwamba ikiwa kwenye gari, kurudia kosa kunapungua kwa takriban theluthi mbili, lakini ikishatolewa faida hiyo haibaki. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko dola 85. Amekubali kwenda kwenye kikundi cha ushauri kila Alhamisi jioni. Nampeleka mimi, nangoja kwenye gari mpaka atoke.

Miezi mitatu ya mwisho lazima iwe safi, bila kosa, ndipo MVA ikubali mashine itolewe. Tumeshaingia humo. Unga sasa namwonjesha dada wa jirani. Huduma ya tano ni tarehe 14, kwa yule yule kijana wa Kihabeshi, na nimeandika swali moja la kumuuliza: mama yangu anaumwa Lushoto, nikisafiri wiki tatu na Baba Neema akawa anakwenda kazini kwa basi, mashine itanyonya betri ya gari kiasi gani, na tarehe ya huduma ikiangukia katikati, nani alipeleke.