Data za utafiti: hifadhi ya chuo au Zenodo?
Kwa gharama, Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya CERN (kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia), inaongoza. Tangu 2013 ni bure, kwa kawaida hadi GB 50 kwa rekodi, na DOI (kitambulisho cha kudumu cha data mtandaoni) hutoka mara tu unapochapisha. Programu ya DSpace, inayotumiwa na maktaba nyingi za vyuo kuendesha hifadhi zao, nayo ni bure, lakini seva na mtaalamu wa kuitunza vinalipiwa. Akihama huyo mtaalamu, mfumo hulala.

Ila Zenodo haikupi mkutubi wa kukuuliza mbona safu ya tatu ya jedwali haina kipimo, au kama majina ya wagonjwa yamefutwa. Hapo maktaba haina mpinzani, na kwangu hilo ni kubwa kuliko nafasi ya diski. Chuo chako kina wakutubi wa data? Anzia kwao. Mradi ni wa vyuo vingi? Zenodo itakufaa zaidi.