Kikataji cha maunti chenye reli: kinafaa kwa fremu za nyumbani?

Karibuni watazamaji. Leo mezani tuna kikataji cha maunti, yaani ile kadibodi yenye dirisha inayokaa kati ya picha na kioo cha fremu. Hiki ni cha ubao: juu kuna reli ya chuma, na kichwa kinachotembea kwenye reli kimeshika wembe ulioinama nyuzi 45. Kile kidogo cha mkono hutegemea rula, na rula ikisogea kidogo tu, maunti imeharibika. Kama unakata mara kwa mara, chukua cha reli.

Kwanza hesabu. Picha ni sentimita 20 kwa 25. Punguza milimita 3 kila upande ili maunti iikamate, dirisha liwe 19.4 kwa 24.4. Kwenye fremu ya 30 kwa 40, kushoto na kulia mpaka unakuwa 5.3. Juu na chini zinabaki 15.6, gawa 7.5 juu na 8.1 chini, maana picha iliyowekwa katikati kabisa huonekana kama imeshuka.

Tunakata kwa mgongoni, uso ukiangalia chini. Piga mistari ya penseli hadi kwenye kingo, ipishane kwenye kona. Chini yake tandika kipande cha maunti cha kutupa, la sivyo uso utachanika nyuzinyuzi. Sasa angalieni hapa: mpaka ndio unaolala chini ya reli, dirisha linabaki upande wa kichwa. Ukiweka kinyume, mshazari, yaani ule mteremko wa mkato, unageuka na ukingo mweupe wa dirisha hauonekani mbele.

Kina cha wembe ndicho kinachowasumbua wengi. Legeza skrubu, rekebisha mpaka ncha ipenye maunti na kukwaruza tu kile kipande cha chini. Wembe ukitokeza sana hupinda unapouzamisha, na mwanzo wa mkato unakuwa na kiupinde. Uzamishe polepole, kisha tembeza kwa mwendo mmoja bila kusita.

Tuje kwenye kona. Kwa kuwa wembe umelala, unapotokea mbele umeshatoka nje ya mstari kwa kiasi sawa na unene wa maunti, na kwa kadibodi ya kawaida hiyo ni kama milimita 1.5. Kwa hiyo kona ya mbele haipo pale mistari ya mgongoni inapokutana. Iko nje kidogo, pande zote mbili. Ndiyo maana lazima uanze kabla ya mstari na umalizie baada yake. Alama iliyochorwa kwenye kichwa inasaidia, ila imepimwa kwa unene mmoja. Jaribu kwenye mabaki ya kadibodi ileile, kisha chora alama yako mwenyewe.

Kipande cha katikati kikigoma kutoka, tafadhali usikisukume, uso utachanika. Pitisha wembe mwembamba ndani ya mkato, kwa mlalo uleule, ukate nyuzi zilizobaki. Ukivuka kona kidogo, sugua taratibu kwa mgongo wa kijiko, mkato utafifia. Ukingo ukitoka na manyoya, wembe umechoka. Badilisha, usiubembeleze.

Udhaifu wake? Ubao ukipinda, kina kinabadilika katikati ya mkato hata ukirekebisha vipi, kwa hiyo kihifadhi kikiwa kimelala, si kuegeshwa ukutani. Pia urefu wa reli ndio unaoamua maunti kubwa utakayoweza kukata. Pima fremu yako kubwa kuliko zote kabla ya kulipa.

Na kadibodi nunua isiyo na asidi. Ile ya bei rahisi, ukingo ulioukata kwa jasho hugeuka kahawia na kuacha mstari juu ya picha yenyewe.