Kibanda cha miraa Mombasa, nyota 3 kati ya 5

Mi natokea Tanga, kwetu miraa tunaiita mirungi na ni madawa ya kulevya, ukidakwa nayo umekwisha, sasa navuka Lunga Lunga nafika Mombasa naikuta imepangwa mezani kama mchicha, jamaa anainyunyizia maji anaifunga kwenye jani la mgomba wala hana presha. Uingereza nao waliipiga marufuku 2014, huku ni zao la biashara. Majani yaleyale jamani! Mi ningesema wahalalishe tu ila watoto wasiuziwe. Huduma poa, kaniita shehe, kaniongeza na jojo mbili. Ila kangeta yenyewe, hiyo aina ya miraa niliyochukua, juu mbichi, ndani imenyauka, na usingizi nimeutafuta mpaka adhana ya alfajiri.