Jumeli za 8x42 kwa ndege wa Kivu: zichukue, zile za 20x50 uziache

Jumeli (darubini za macho mawili) nyingi za bei ndogo zinazozunguka Bukavu zimeandikwa 20x50 au 30x60, na vioo vyake vinang'aa vyekundu. Ule wekundu ni pambo la kuuzia. Unarudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo picha inageuka kijani-bluu, na mdomo mwekundu wa mdiria mdogo wa kwenye matete unaonekana wa kahawia.

Namba nazo zipime kabla ya kutoa pesa: ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Nyoosha mkono, elekeza jumeli mbinguni (mbali na jua!), uangalie kiduara cha mwanga kwenye kioo cha jicho. Kipime kwa rula, kisha ugawanye kipenyo cha kioo cha mbele kwa kiduara hicho. Jumeli ya "20x50" yenye kiduara cha milimita 5 inakuza mara 10, basi. 8x42 ya kweli inatoa milimita 5 na kidogo, ndiyo maana alfajiri bado unaona vizuri. Kiduara chenye kingo zilizokatwa ni dalili ya prizima (vipande vya kioo vya ndani vinavyopindisha mwanga) za kioo duni.

Halafu tazama waya wa umeme wa mbali. Ukiona nyaya mbili, mirija haiko sambamba. Muuzaji atakuambia macho yatazoea. Hayazoei, yatalazimika kuunganisha picha mbili na kichwa kitauma. Irudishe.

Kwa nini 8 na si 10 au 12? Ndani ya pirogi (mtumbwi) mkono hautulii, na kila mtikisiko nao unakuzwa. Isitoshe, 8x42 inaonyesha eneo pana, kama mita 130 kwa umbali wa mita 1 000, hivyo mnandi akizama unamkamata tena anapoibuka pembeni.

Kuirekebisha ni mara moja tu: funika upande wa kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi, kisha funika kushoto, uzungushe kipete cha kulia peke yake. Mwenye miwani ashushe mipira inayozunguka vioo vya jicho.

Faida kubwa iko kwenye viota. Ukiwa mita 40, ndege anaonekana kama yuko mita 5, basi sababu ya kusogea haipo. Mdiria wa madoa meusi na meupe hutaga ndani ya shimo kwenye ukingo wa udongo. Akikaa kwenye tawi na samaki mdomoni bila kuingia, ni wewe unayemzuia: rudi nyuma mpaka aingie. Kwenye viota vya kwera, usipanue matete ili uone vizuri. Njia unayoifungua inabaki, na nyoka au watoto wanaotafuta mayai wataipita hiyohiyo.

Kasoro? Uzito, gramu 600 hadi 800, na kamba nyembamba inayokuja nayo inakata shingo, weka pana. Bei pia ni mara kadhaa ya zile nyekundu. Chagua iliyozibwa na kujazwa gesi kavu ya naitrojeni, maana mvua za Septemba hadi Mei zinaingiza unyevu, na kuvu ikishika kioo cha ndani inakula ule mpako wake. Usiifungie kwenye mfuko wa ngozi ikiwa na unyevu: ipanguse, iache kwenye hewa, kisha iweke kwenye kopo lenye vipakiti vya silika, vinavyofyonza unyevu.