Fundi wa kabati la maabara: mota safi, mengine sitaki hata kuyakumbuka

Nimengoja hasira zipungue ndipo niandike. Hazijapungua.

Juzi kati kampuni moja, jina silitaji, ilituletea fundi hapa Malindi kuhudumia kabati la usalama, lile lenye mota ya kuvuta hewa na chujio la kuisafisha, tunalofungulia vikopo vya makohozi ya wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Mota ya zamani ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, inapiga kelele hadi mapokezi. Akafunga mpya, na kazi hiyo aliifanya vizuri, haki yake nampa.

Lakini kabati kama hilo halifunguliwi kavukavu. Hufukizwa kwanza kwa dawa, kwa sababu kilichonaswa ndani ni vijidudu. Yeye alifungua tu, barakoa imening'inia kidevuni. Kisha akatoa kibati chenye matundu, akachovya tambara kwenye maji ya jiki, akaanza kupangusa chujio. Chujio! Karatasi ya nyuzi za kioo, imekunjwa kama marinda, kazi yake kunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Haiguswi hata kwa ncha ya kidole. Ikichanika, kwa macho huoni kitu.

Nikamwambia, "Fundi, hapo hapapanguswi."

Hata hakugeuka. "Dada, wanifunza kazi?"

Nikauliza kipimo cha upepo kiko wapi, maana mdomoni mwa kabati hewa inatakiwa iingie kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde. Eti kimebaki Mombasa. Akanyoosha mkono mbele ya kabati, akatikisa kichwa kama mganga: "Upepo upo." Upepo! Hata pale kwenye mnara wa Vasco da Gama upepo upo. Halafu akabandika stika ya kwamba limekaguliwa, mwaka mzima, akaondoka. Jiki aliiacha imetuama kwenye sinia la chuma, nikaisuuza mimi kwa maji safi kabla haijalila, ndipo nikapitisha spiriti ya asilimia 70.

Nilitaka kusema kwa mota muiteni, kwa chujio msimwite. Lakini mtu asiyeheshimu chujio, hata soketi simpi.

Kabati nimelizima, juu ya stika yao nimebandika karatasi: USITUMIE. Ofisi yao yanipigia kila siku kudai salio. Waje na kipimo cha upepo, wapime na chujio kama linavuja, nikiwa nimesimama hapo hapo.