Puti Ipi, Rangi Ipi, Tailizi Ipi? Tunachambua Finishingi ya Nyumba Iliyo Karibu na Bahari

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo niko Kigamboni, kwenye nyumba ambayo bati limeshapanda, plasta imeshapigwa ndani na nje, na mwenyewe amefika pale ambapo wengi wetu hela huanza kukata: finishingi. Mzee kaniruhusu nirekodi kwa sharti moja, nisionyeshe geti. Sawa mzee wangu, geti hatulionyeshi.

Mezani hapa nina mifuko miwili ya puti, ndoo tatu za rangi na tailizi za aina mbili. Majina ya kampuni nimeyafunika kwa selotepu makusudi. Nikitaja jina moja tu, hii itageuka Simba na Yanga, na hakuna atakayesikiliza tena. Leo tunaangalia kitu kimetengenezwa na nini na kinakaa wapi.

Tunaanza nje, na tunaanza na puti, yaani ule unga unaokorogwa na maji na kupakwa juu ya plasta kulainisha ukuta, ingawa najua wengi mmekuja kwa ajili ya rangi. Rangi itakaa juu ya hii.

Mfuko wa kwanza ni puti ya jipsamu. Wa pili ni puti ya simenti nyeupe. Dukani vinakaa sehemu moja, mifuko inafanana, na muuzaji mwenye haraka atakwambia zote ni za kuskimu, yaani kulainisha ukuta. Nilikoroga kidogo kutoka kila mfuko, nikamwaga kwenye vifuniko vya ndoo, nikaviacha vikauke kabisa, halafu nikavitumbukiza kwenye maji usiku kucha. Sogeza kamera hapa. Hiki cha jipsamu nakikwangua kwa ukucha tu, ona, kinabonyea, kinatoka uji. Hiki cha simenti nimechukua msumari, na msumari umeacha mchoro basi.

Kwa hiyo hukumu yangu: jipsamu ibaki ndani, simenti nyeupe iende nje. Bafuni na nyuma ya sinki la jikoni pia ni simenti. Sisemi jipsamu ni mbaya. Sebuleni mimi mwenyewe ningeichagua, maana inalainika vizuri na kuipiga msasa ni rahisi. Shida yake ni maji. Ukuta wa nje ukipata ufa mwembamba tu mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, maji yanaingia nyuma ya rangi, puti inalegea, na rangi inavimba malengelenge hata kama ndoo yake uliinunua kwa bei ya mbuzi. Fundi akikwambia, "Bosi, hii hii tunapiga mpaka nje, juu rangi itaziba," muombe aloweke kipande kwanza, mzungumze kesho yake.

Sasa njooni chini huku kwenye msingi. Kuanzia hapa hadi karibu na goti, mnauona huu unga mweupe? Mafundi wengi wanaita magadi. Ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye mchanga na kwenye matofali, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Na huku pwani, mtu akiletewa mchanga wenye chumvi kwenye plasta, hata maji ya kupanda hayahitajiki, unyevu wa hewa unatosha kuuchokoza. Ukipaka rangi hapa, rangi itaushika huo unga vizuri sana, ila unga wenyewe haujaushika ukuta. Baada ya msimu mmoja inabanduka kwa vipande.

Dawa yake haiuzwi kwenye ndoo, japo ndoo nyingi zinadai. Unausugua unga kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Halafu unatafuta maji yanatoka wapi: nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi iliwekwa au ilirukwa? Udongo wa nje umelundikwa juu kuliko sakafu ya ndani? Maji ya bati yanadondokea ukutani kwa sababu hakuna gata? Mpaka hayo yajibiwe, mzee, rangi tuiache dukani.

Na hapa niseme neno kuhusu mawe ya urembo, yale yanayobandikwa nje sehemu ya chini. Yanapendeza, nakubali. Lakini naona watu wanayatumia kufunika magadi. Unyevu unashindwa kutoka pale chini, unapanda, na unaanza kutokeza juu ya mstari wa mawe. Wazee wa pwani walilielewa jambo hili. Nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, kuta za mawe ya matumbawe zimepigwa chokaa, na chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Leo mtu anakuja na plasta ya simenti na rangi ya mafuta juu yake, ukuta uliodumu vizazi unaanza kumomonyoka kwa ndani. Nyumba yetu hii ni ya tofali za simenti, si matumbawe, lakini maji ni yale yale.

Haya, rangi. Plasta mpya ina ukali wa simenti, na ukali huo unakula mafuta. Ndiyo maana rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi inageuka kunatanata kisha inatoka. Ipe plasta kama siku 28, upige praima, yaani rangi ya chini ya kutangulia, inayostahimili ukali huo, ndipo rangi. Kwa nje natafuta ndoo iliyoandikwa ya nje, ya maji, yenye akriliki. Ndoo hii ya kwanza ni ya ndani. Kwa kuishika tu ni nzito kama wenzake, mkaitofautishe kwa kusoma, si kwa kuinyanyua.

Rangi yenyewe sasa, mwonekano. Mzee anataka ile kijivu iliyokolea, karibu na nyeusi, ambayo kila nyumba mpya ya ghorofa inayo. Mimi ningeishia kwenye nguzo na kingo za madirisha. Ukuta mweusi unaoangalia magharibi unakula jua kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, na joto hilo unakuja kulilalia chumbani. Vilevile nyekundu kali na njano kali zinapauka upesi kuliko zile za udongo: kahawia, hudhurungi, njano ya mfinyanzi. Hizo rangi zake zinatokana na oksidi ya chuma, na jua halizisumbui sana. Nunua kopo la lita moja, paka kipande kikubwa upande wa mashariki na kingine magharibi, uangalie asubuhi na jioni kabla ya kuagiza ndoo za lita 20. Kile kikaratasi cha dukani kinadanganya, kinaonekana chini ya taa.

Ndani sitakaa sana. Rangi ya mati, isiyong'aa, inaficha mawimbi ya ukuta; silki, yenye mng'ao kidogo, inafutika kwa kitambaa lakini inaanika kila kosa la fundi. Kama una watoto wenye kalamu, korido na sebule silki, vyumba mati. Kabla hujamlipa fundi skimingi, njoo usiku na tochi, iweke pembeni kabisa ya ukuta iangaze kwa ubavu. Kila bonde utaliona. Mafundi wengine hawapendi kipimo hiki, na ninawaelewa.

Tailizi. Hapa ndipo hela nyingi inapotea, kwa hiyo tutulie.

Nina mbili, zote sentimita 60 kwa 60, zote zinang'aa, kwa mbele huwezi kuzitofautisha. Nazigeuza. Ninadondosha maji mgongoni. Hii inayanyonya, ona doa linavyotanuka. Hii maji yamekaa tu juu. Ya kwanza ni seramiki, ya pili ni poseleni, ambayo kwa viwango vya kimataifa inatakiwa inywe maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Ukutani seramiki inatosha kabisa, usimpe muuzaji hela ya bure. Sakafuni pa sebule, na varanda hasa, chukua poseleni.

Lakini poseleni haitaki kubandikwa kwa uji wa simenti peke yake, kwa sababu hainyonyi, simenti haina pa kushikia. Inataka gundi ya tailizi, ipakwe eneo lote kwa pasi ya meno, ile yenye ukingo uliokatwa kama msumeno. Fundi akiweka vidonge vitano vya gundi, pembeni vinne na katikati kimoja, anakuachia uwazi chini. Siku ukiburuta friji, inapasuka. Ukaguzi ni rahisi: gonga kwa sarafu, panapolia patupu mwambie ang'oe kabla hajapiga grauti, ile ya kuziba mistari kati ya tailizi.

Varandani, tafadhali, si hii inayong'aa. Naimwagia maji, napitisha kandambili... mmeona. Mama yako akija kukutembelea siku ya mvua ndiye atakayeteleza. Kwenye maboksi mengine kuna alama ya R na namba. R9 ni laini, kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyoshika mguu. Varandani na bafuni natafuta kuanzia R10. Na bafuni sakafu ishuke sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita kuelekea kwenye shimo la maji, na dawa ya kuzuia maji ipigwe chini kabla ya tailizi yoyote. Grauti haizuii maji.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: soma ubavu wa boksi. Kuna namba ya toni, yaani kukolea kwa rangi, na namba ya ukubwa. Maboksi yakiwa na toni mbili, sebule yako itakuwa na kiraka utakachokiona kila asubuhi dirisha likifunguliwa. Boksi la hizi lina vipande vinne, mita za mraba 1.44. Piga hesabu ya chumba, ongeza asilimia kumi ya kukata na kuvunjika, ununue yote siku moja. Mbili tatu zibaki stoo. Na kabla ya kupakia gari, weka mbili uso kwa uso: zikicheza katikati, zimepinda, achana nazo.

Dari haraka haraka. Bodi ya jipsamu ni nzuri kama bati halivuji, basi kajaribuni bati kwa mvua moja kwanza. Bafuni weka plastiki, au ile bodi ya kijani iliyotengenezwa kwa ajili ya unyevu.

Madirisha ya alumini: watu wanabishana rangi ya fremu na kioo, wakati swali ni linafunguka vipi. La kuslaidi linakupa nusu ya tundu tu, nusu nyingine imefunikwa na kioo mwenzake. Kwa joto la Dar mwezi wa pili, umelipia dirisha zima ukapata hewa ya nusu. Vyumbani mimi ningeweka ya kufungua kama mlango. Sebuleni slaidi, sawa, kwa sababu ya pazia na makochi.

Mzee ananiuliza hapa nyuma ya kamera, hela ikiwa haitoshi apunguze wapi. Apunguze dari ya mapambo na mataa yake, mawe ya urembo, na tailizi za ukuta wa jikoni ziishie juu kidogo ya sinki. Asipunguze puti ya nje, praima, na gundi ya tailizi. Milango ya ndani inaweza kusubiri mninga wenyewe ukauke, maana ameonyeshwa mbao ambazo ukizishika bado zina ubaridi wa maji.

Ukiwa dukani na boksi namba zake huzielewi, lipige picha ubavuni unitumie. Video ijayo tunapanda juu ya nyumba hii hii: bati geji 28 na geji 30, na kwa nini namba kubwa ndiyo bati jembamba. Kwaherini.